Mguu Usiokunja na Shamba la Visiki

“Siku mguu huo utakapokunja, ndiyo siku utakayovuna.” Hivyo ndivyo watu walivyomwambia baba yangu, na wengine walisema zaidi ya hapo, ila wao walisubiri apite kwanza. Maneno hayo yalinirudia mwezi uliopita nikiwa nimesimama kwenye shamba langu mwenyewe, nje kidogo ya Tanga, barabara ya Pangani, trekta nililolikodi liking'oa visiki vya mkonge uliozeeka. Kisiki cha mkonge kikitoka ardhini kina harufu yake, mbichi na chachu, kama tango lililosahauliwa kwenye ndoo ya kufulia. Dereva wa trekta alifunika pua. Mimi nilivuta pumzi mpaka kifua kikajaa, nikawa tena mtoto wa miaka tisa.

Niwaambie kabisa mimi ni nani, msije mkadhani mnasimuliwa na mtu wa kubahatisha. Nina stashahada ya kilimo, nimeitundika sebuleni kwangu Chumbageni, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asiione. Nimefanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye mashamba ya watu, katika nchi za watu, nikarudi na akiba yangu, nikanunua ekari ishirini ambazo sikurithi kwa mtu. Najisifu, ndiyo. Aliyenizaa alikuwa na haki ya kujisifu kuliko mimi na hakuitumia, kwa hiyo naitumia yangu pamoja na yake.

Babu yangu alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge kwa mkataba, manamba kama walivyoitwa, na hakurudi tena kwao. Baba, ambaye jina lake lilikuwa Maganga, alizaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge alikokata babu. Akaenda jeshini, akapigana vita vya Kagera, akarudi na nishani moja na goti la kushoto lililogoma kukunja. Akitembea, mguu ule ulizunguka kwanza kwa nje ndipo ufike mbele, kama mlango unaofunguliwa.

Nyumbani tulikuwa kikosi. Alfajiri tulipanga mstari, watoto wanne, tukakaguliwa kucha na masikio. Mimi mkubwa nilikuwa Koplo. Wadogo zangu watatu walikuwa makuruta, na mama alikuwa Mkuu wa Stoo, maana ufunguo wa unga ulikaa kwake. Lakini msidhani baba alikuwa mkali. Jumamosi mwanajeshi huyo huyo alitusuka nywele sisi wasichana, mistari iliyonyooka kuliko ya mwanamke yeyote kambini. Mguu wake aliunyoosha mbele yake, nasi tukaukalia kama benchi.

Shamba kubwa la mkonge lilikuwa limeachwa, na kijiji kikaanza kugawa vipande. Baba alipewa ekari mbili zilizojaa visiki, kila kimoja kama pipa lililofukiwa. Mwenyekiti wa kijiji aliweka sharti moja. Masika yakishika, shamba liwe safi na limepandwa, la sivyo atapewa mwingine. Kile chumba cha kambi tulichoishi hakikuwa chetu, na tulikuwa tumeshaambiwa tutahamishwa. Bila zile ekari mbili hatukuwa na pa kulima wala pa kujenga. Nilikuwa mdogo, lakini hilo nililijua, kwa sababu mama alikuwa ameacha kuimba akikoroga ugali.

Hatukuwa na kitu. Bi Saumu, mjane wa Kipemba aliyekuwa akiuza mchele Makorora na kurudi kijijini jioni, alituazima pishi mbili za mbegu ya mahindi. Mwingine alituazima kamba. Mtaimbo, ile nondo nzito ya kuchimbia mawe, alikuwa nao mtu mmoja tu, Mzee Mhando, Mzigua mwembamba mwenye sauti iliyokuwa ikisikika vitongoji viwili. Tulikwenda kwake na baba, mimi nikiwa nyuma.

“Chukua, Mnyamwezi,” alisema akimtupia mtaimbo miguuni. “Ukikushinda kuchimbia visiki, uchimbie kaburi lako. Kwenu huko si mnazikwa mmesimama? Na kwa mguu huo hutatusumbua.”

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilimwangalia yule mzee nikamchukia moja kwa moja.

Basi kazi ikaanza. Wengine walivishambulia visiki kwa jembe na shoka, kutwa wanang'oa viwili. Baba alikuwa ameendesha malori jeshini. “Lori likizama tope hulisukumi kwa kifua,” alituambia. Tulichimba kuzunguka kisiki, tukakata mizizi ya pembeni, tukapitisha ncha ya mtaimbo chini yake juu ya jiwe. Yeye akakifunga kisiki kamba, ncha ya pili akajifunga kiunoni, akakaa chini upande wa pili na kuukita mguu wa kushoto kwenye mwamba. Sisi watoto na mama tukaudandia mtaimbo. “Moja, mbili, tua.” Tukatua. Kisiki kikalia kama jino, kikatoka chote, nasi tukaangukiana huku tukipiga kelele za furaha. Mguu unaokunja ungekubali kuvutwa. Ule haukujua kukubali. Siku ile tulitoa visiki tisa, nikalala na malengelenge viganjani, nikijiona mtu mkubwa kuliko mwenyekiti.

Kila siku saa nne Mzee Mhando alikuja kukaa mpakani. “Angalieni, manamba amezaa manamba wadogo.” “We Maganga, huo mguu nao ni kisiki, uung'oe, upande mhogo.” Baba alimjibu, wakachekeana, kazi ikaenda. Siku moja nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia akalime kwao. Baba alisimama, akanitoa mstarini.

“Koplo, mwombe babu radhi.”

Niliomba, machozi yakinitoka kwa hasira. Baadaye akaniita pembeni. “Yule ni mtani wangu. Wazigua na Wanyamwezi wametaniana tangu enzi za misafara. Mtani hakutukani ili uanguke. Siku akinyamaza, hiyo ndiyo siku ya kuogopa.”

Nililishika neno hilo bila kulielewa.

Visiki vilipobaki kama thelathini, baba aliamka goti limevimba kama papai. Siku ya kwanza alijikaza. Ya pili hakuweza kusimama. Alilala amegeukia ukuta, hakukagua kucha za mtu, na mama alipomletea uji akasema, “Mwambieni mwenyekiti ampe mwingine.” Sikuwahi kumsikia akitumia sauti ile. Upande wa Pangani mawingu yalikuwa yameanza kurundikana.

Siku ya tatu Mzee Mhando akaja. Alisimama mlangoni amevua kofia. Akasema, “Pole, bwana Maganga,” kwa heshima zote, akaondoka.

Bwana Maganga. Mtani alikuwa amenyamaza.

Nilikimbia. Nilipita katikati ya mkonge bila kujali miiba, nikamkuta kwake akisuka kikapu.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba. Kuna nini, baba yako amezidiwa?”

“Babu, naomba uje umtukane baba.”

Aliacha kusuka. “Nini?”

“Umtukane. Kama siku zote. Alisema ukinyamaza tumekwisha.”

Aliniangalia, mdomo ukimchezacheza. “Yule ni mgonjwa, mjukuu wangu. Mgonjwa hatukanwi.”

“Niazime tu,” nikasema. “Tutarudisha.”

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Nadhani ni kwa sababu miezi ile nyumbani kwetu kila kitu kilikuwa cha kuazima. Yule mzee alivaa kofia yake, akashika fimbo, akanitangulia. Alianza kupiga kelele hata kabla hatujafika kambini, majirani wakatoka nje.

“Nimekuja kuchukua mtaimbo wangu. Nimeambiwa mwenye kazi nao amekufa. Na kama hajafa afanye haraka, jua linanichoma. Mnyamwezi aliyekimbiza majeshi ya watu huko Kagera ameshikwa mateka na goti lake mwenyewe.”

Ndani nikasikia kitanda kikilia. Sauti ya baba ikatoka, hafifu lakini ni ile yenyewe: “Mzigua, toka mlangoni pangu, unanizibia hewa.”

Mama alikaa chini palepale akajifunika uso kwa kanga, na mabega yakamtikisika. Sikujua kama analia au anacheka.

Kesho yake baba alibebwa kwenye baiskeli mpaka shambani, goti limekandwa kwa maji ya chumvi na kufungwa kitambaa. Mzee Mhando alikuja na wanawe wawili, akisema amewaleta waone vile mtu anavyoshindwa. Walishinda wameudandia mtaimbo pamoja nasi. Siku ya tano ya kazi hiyo, kisiki cha mwisho kilitoka. Tuliweka mbegu kwenye mashimo huku matone ya kwanza yakitupiga mgongoni, na mwenyekiti alipokuja na mwavuli wake kukagua, alisema shamba ni letu.

Chuoni nilijifunza udongo, mbegu na magonjwa ya mimea, na nilifaulu vizuri, nalisema bila haya. Lakini ilinichukua miaka mingi, mbali na nyumbani, kuelewa ukimya wa siku ile. Mzee Mhando alinyamaza kwa sababu alimwogopea rafiki yake. Na kumtukana tena mtu uliyekwisha kumlilia moyoni ni kazi nzito, nzito kuliko kuazima mtaimbo. Mimi nilimwomba kazi hiyo kama mtu anayeomba kijinga cha moto.

Tulivuna mwezi wa saba. “Dawa ya deni kulipa,” mama alisema, akafungua stoo. Baba alivaa buti zake za jeshi na nishani yake, akatupanga mstari na vikapu vichwani, tukazunguka kijiji. Kila aliyetuazima alipigiwa saluti. Mwenye kamba alipewa kamba na kikapu cha mahindi. Bi Saumu alikuwa ametupimia pishi mbili za mfuto, zilizosawazishwa juu kwa kiganja. Tulimrudishia mbili zenye kilima, akasema wajukuu zake watadhani ameolewa tena.

Wa mwisho alikuwa Mzee Mhando. Baba alimpa mtaimbo, umesuguliwa na kupakwa mafuta ya nazi mpaka unang'aa. Mzee aliugeuza geuza. “Mbona unarudisha kazi haijaisha? Kaburi liko wapi?”

“Nilipima,” baba akajibu. “Nimeona utangulie wewe.”

Walicheka mpaka wakashikana. Nikadhani tumemaliza, nikageuka kuondoka.

“Koplo,” baba akaita. “Mtani ameniambia wewe nawe uliazima. Lipa.”

Watu wote walinitazama. Niliitazama miguu ya yule mzee, iliyokuwa imekunjwa vizuri chini ya kigoda.

“Babu,” nikasema, “magoti yako yote mawili yanakunja, na ekari mbili hujawahi kulima.”

Mzee Mhando alivua kofia, akaiweka juu ya goti lake.

“Maganga,” akasema, “huyu amenilipa pishi yenye kilima.”