Asali ya Ipole

Siku hizi wateja hawaniletei cheti cha daktari, wananiletea simu. Wanaisogeza juu ya kaunta, wananionyesha picha ya dawa, wanataka hiyo hiyo. Duka langu la dawa liko Ipuli, hapa Tabora mjini, na simcheki mtu, maana hata mimi nikikwama nakimbilia simu. Tofauti ni kwamba nilifundishwa pa kutazama, lakini hilo halionekani kwa macho. Mteja anaona watu wawili wenye simu, basi.

Mzee mmoja wa Ipole, huko misituni kwetu, mfugaji nyuki, alikuwa akichukua kwangu vidonge vya kisukari kila mwezi. Akapotea. Aliporudi alikuwa anachechemea, mkewe amemshika mkono, kisigino kimefungwa kipande cha kanga. Nilisikia harufu kabla sijamaliza shikamoo. Alikuwa ameacha vidonge na kunywa asali asubuhi na jioni, nyingine akiipaka kwenye kidonda.

Nilikasirika, nikauliza nani kawaambia hivyo. Mkewe akaniwekea video: bwana mwenye koti jeupe anasema asali ya misitu ya Tabora inaondoa kisukari moja kwa moja. Mtu wa kwingine angetia shaka. Lakini mzee wa Ipole atakataaje, mizinga yake inaposifiwa na mgeni? Mwaka huo hakuuza hata ndoo moja, yote aliiweka ya dawa.

Nikampima. Sukari ilikuwa juu mno, kipimo kikashindwa kutoa namba. Mzee akacheka, akasema hata mashine yangu haijui. Nikafungua ukurasa ninaouamini, wa Kiingereza, nikawatafsiria neno kwa neno. Nikawaambia hata mama yangu mzazi anameza vidonge hivi hivi na yuko hai. Nikawasihi waende hospitali siku ile ile, mguu haungojei. Mama yule alinisikiliza kwa heshima zote.

"Mwanangu," akasema, "hiyo yako unaisoma wewe. Huyu wetu anaongea mwenyewe, tunamsikia."

Walipanda gari la kurudi Ipole.

Mvua zilipoanza mama yule alikuja peke yake, amevaa nguo nyeusi. Sikuhitaji kuuliza. Nilimpa pole, nikasubiri anilaumu, na kusema kweli nilitamani anilaumu, ningejua angalau kuna kitu kilichomwingia. Akatoa kwenye kikapu chupa ya asali, akaiweka juu ya kaunta.

"Tulichelewa kuianza," akasema. "Miaka yote ile ya vidonge ndiyo iliyotuchelewesha. Wewe mpe mama yako mapema."

Kwetu asali ya msiba hairudishwi. Niliipokea kwa mikono miwili, nikamwambia asante mama.