Firigisi ya Msafiri

Watu husema kuku wa kienyeji hana ugonjwa. Mimi pia nilisema hivyo, tena kwa kiburi, nikiwacheka kuku wa friza wa Dubai, nyama maji matupu.

Kwa hiyo Mkenya mwenzangu, dereva kwenye shamba la arbabu mmoja, yaani bosi wa Kiarabu, nje ya mji, alipotuletea jogoo aliyekuwa akichakura mchanga na kujitafutia mwenyewe, tulishangilia. Alimchinja asubuhi, akaja naye mpaka kwetu mjini, Deira, kwenye buti ya gari, joto lile la Julai, firigisi na maini kwenye mfuko wa nailoni.

Tulikuwa wanawake watatu chumbani, wote wasafishaji wa hoteli. Mdogo wetu alikuwa anasafiri kesho yake jioni kwenda kumwona bintiye, aliyemwacha akinyonya na sasa anajua kusoma. Jogoo alikuwa wa kumuaga.

Sasa, kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Pale baba hatukuwa naye. Mkubwa wetu, Mtanzania mwenye mdomo ambaye tulimwita Dada, alijua ni haki yake. Lakini msafiri akaiwahi, akaidunga kwa uma, akaibabua juu ya moto wa gesi, akaila kabla mchuzi haujachemka, akicheka kwamba leo baba ni yeye. Ndani ilikuwa bado nyekundu.

“Haya, mkubwa ni jalala,” Dada akasema. Kisha akanong'ona, nikamsikia: “Imkwame.”

Ni hasira ya jikoni tu. Nani hajawahi kusema hivyo?

Kesho yake mchana, sanduku likiwa mlangoni, msafiri alianza kuharisha na kutapika. Dada ndiye aliyemwogesha, akamnywesha maji ya sukari na chumvi, akamwambia ndege zipo nyingi, mtoto atangoja. Homa ikazidi. Ndege ikaondoka, nasi tukampeleka hospitali.

Daktari alitueleza polepole. Bakteria hukaa tumboni mwa kuku, awe wa bandani au wa kuzurura. Joto la buti liliwazidisha, na moto ule wa gesi haukufika ndani ya firigisi. Sisi tuliokula nyama iliyochemka tulisalimika. Kwake waliingia kwenye damu, na wiki hiyo hiyo alifariki.

Nilimwelewa daktari, na ninamwamini hadi leo. Lakini Dada aliacha kula nyama, kisha akaacha kuongea. Kila asubuhi kabla ya kazi alikitandika kitanda cha marehemu, akainyoosha shuka vizuri, na jioni nilikiona kimebonyea pale alipokuwa amekaa. Nilikiogopa chumba kile, nasema kweli.

Mama wa marehemu akapiga simu. Nikamweleza habari za bakteria kama nilivyoelezwa, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema amefuga kuku wa kienyeji maisha yake yote na hawajamuua mtu. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, na sauti yake ilisikika chumba kizima:

“Mwanangu, nani alimkasirikia siku ile?”

“Hakuna, mama,” nikasema. “Ni vijidudu tu.”

Dada akainuka, akanyoosha mkono, akaitoa simu sikioni mwangu.

“Mama,” akasema, “ni mimi.”