Kibao Kilichogeuziwa Ukuta

Saa moja kasorobo asubuhi, Tobaru Seishin anapanda ngazi akiwa na ndoo ya lipu ya chokaa mkono mmoja na mwiko umechomekwa kiunoni. Paa analolitengeneza ni la vigae vyekundu, la nyumba ya bibi mmoja karibu na bandari ya Yonabaru, mji mdogo wa kisiwani. Kimbunga cha mwaka jana kiliondoka na safu mbili za vigae upande wa kusini, na bibi amekuwa akikinga maji kwa masufuria tangu wakati huo.

Tobaru anagonga kila kigae kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kizima hulia. Kilichopasuka hutoa sauti nzito, naye hukiweka kando bila hata kukitazama. Vifundo vyake vimelala bapa na vimeota sugu, kwa sababu kwa miaka thelathini na moja amekuwa akipiga ngumi kwenye ubao uliofungwa kamba, ngumi mia kila mkono, kabla ya kwenda kazini.

Ana miaka arobaini na saba. Analipwa yeni elfu kumi na tatu kwa siku, na siku ya mvua hakuna malipo. Mwezi wa Juni uliopita alifanya kazi siku tisa tu. Lakini si hayo anayotaka kuyazungumza. Anasogea mpaka pembeni mwa paa, pale ngazi ilipoegemea, na kunionyesha kwa kidole.

"Mtu hufa hapa," anasema. "Si kule juu. Kule juu kila mtu anaogopa, anashika. Hapa umeshamaliza, unawaza chai."

Mtu aliyefia hapo anaitwa Yonamine Choyu. Haikuwa nyumba hii, ila ni pembe kama hii, Septemba miaka mitatu iliyopita. Choyu na Tobaru waliingia wiki moja katika dojo, yaani ukumbi wa karate, ya mwalimu wao Mzee Maeshiro, wakiwa vijana wa miaka kumi na sita, na baadaye wakaingia kazi ya paa kwa bosi mmoja. Choyu alikuwa na mkanda mweusi wa daraja la tano. Alikuwa na uwezo wa kuvunja mbao tatu kwa kiganja, na kwenye sherehe za mji watoto walikuwa wakimfuata wakimwomba awavunjie fimbo za miwa.

Aliteleza akiwa mita mbili na nusu kutoka ardhini. Tobaru alikuwa chini, anakoroga lipu, na aliona kila kitu.

"Alianguka amesimama," anasema. "Sijui nikuelezeje. Mgongo umenyooka, mikono mbele, ngumi amezikaza kama anapokea pigo. Kichwa kikagonga ukuta wa matofali. Mtoto mdogo angejikunja. Choyu hakujikunja, maana mwili hufanya ulichozoeshwa. Miaka ishirini na nane tulifundishwa kusimama. Hatukufundishwa hata siku moja kuanguka."

Anarudi kwenye vigae vyake na kugonga kinachofuata.

Mwaka mmoja baada ya mazishi, Tobaru alikwenda kumwona Miyara Kazue, mpishi wa hospitali mwenye miaka hamsini na minane ambaye amecheza judo tangu utotoni. Kisha alikwenda mashambani kwa Iha Zenko, mkulima wa miwa na bingwa wa zamani wa mieleka ya kisiwani, ile ambayo watu wawili hushikana mikanda kwanza ndipo waanze, na anayelazwa chali ndiye aliyeshindwa. Aliwaomba wote wawili kitu kimoja. Alitaka yeye na wenzake wa karate wafundishwe namna ya kwenda chini na kuinuka wakiwa wazima.

Walianza uani kwake, katikati ya marundo ya vigae, juu ya magodoro ya nyumba ya wageni iliyofunga biashara. Walikuwa watano. Mvua za Januari mwaka huu zilizidi, magodoro yakaloa, na Tobaru akaenda kuomba ukumbi wa mtaa, Jumatano saa moja jioni.

Hapo ndipo alipokosea, na mwenyewe hazungushi maneno. Ukumbi hukodishwa kwa bei nafuu kwa vyama vinavyotambulika tu. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya jina la chama. Tobaru akaandika jina la chama cha karate cha Mzee Maeshiro, chama alichokitumikia zaidi ya nusu ya umri wake. Aliona ni karatasi tu. Mhudumu wa ukumbi, ambaye ana mwandiko mzuri na anaupenda, akaliandika jina hilo kwa herufi kubwa kwenye ubao wa mlangoni, na chini yake akaongeza: mieleka, judo na kuanguka.

Katika dojo ile kuna utaratibu wa tangu zamani. Mwanafunzi akitaka kujifunza kitu kwa mwalimu mwingine, humweleza mwalimu wake kwanza. Mwalimu akiridhia, humpeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwa yule mwingine, na zawadi mkononi. Wanaokataliwa ni wachache mno. Lakini kutoomba hakuna.

"Nilijidanganya," Tobaru anasema. "Nikasema mimi siendi mlangoni kwa mtu, wao ndio wanakuja kwangu. Kwa hiyo hakuna cha kuomba. Mtu mzima mimi, najifanyia ujanja wa mtoto."

Mzee Maeshiro ana miaka themanini na miwili. Hakumfokea. Jumamosi iliyofuata, baada ya mazoezi, alimkaribisha chai, akamngoja amalize kikombe, kisha akamwambia maneno ambayo Tobaru ameyakariri.

"Jina langu umeliazima, hukuniomba. Mimi nikitaka kuazima jembe la jirani naomba."

Akaenda ukutani. Kwenye ukuta wa mashariki wa dojo kuna vibao vidogo vya mbao vyenye majina ya wanachama, vimepangwa kwa daraja, cha mwalimu kikiwa cha kwanza. Hakuna anayeruhusiwa kuvigusa isipokuwa mwalimu. Hata anayefariki kibao chake hubaki palepale. Mzee alikishika kibao cha Tobaru, akakigeuza jina likatazama ukuta. Akasema siku mazoezi yale ya Jumatano yatakapofungwa, atakigeuza tena. Mpaka siku hiyo, asifanye mazoezi na wenzake.

Hiyo ilikuwa Februari. Tangu hapo Tobaru hajapiga ngumi hata moja ndani ya dojo ile.

"Choyu amekufa na jina lake linasomeka," anasema. "Mimi niko hai, langu halisomeki."

Mji ni mdogo na watu wana midomo. Siku moja nikiwa naye dukani, kijana mmoja wa dojo alimsalimia kwa adabu zote kisha akamchokoza: "Kaka Tobaru, leo unaanguka saa ngapi?" Tobaru alimjibu bila kugeuka, "Saa moja. Uje na suruali ya akiba." Watu walicheka, yeye mwenyewe akacheka. Tulipofika kwenye gari lake la kazi alikaa na usukani mkononi kwa dakika nzima bila kuwasha.

Mtu atauliza kwa nini asiifunge tu hiyo Jumatano. Nami nilimuuliza. Alinijibu kwa kunipeleka ukumbini.

Siku hizi ni watu kumi na wanne, na ubaoni hakuna tena jina la chama. Limebaki neno "kuanguka", na wanalipa bei kamili. Sita ni mafundi paa. Wawili ni wavuvi wanaoteleza kwenye sitaha. Waliobaki wengi ni wazee. Miyara anapita kati yao amejishika kiuno, akigombeza kwa sauti ileile ambayo bila shaka huitumia jikoni kwake. Kidevu kifuani. Mkono wote upige sakafu, si kiganja peke yake. Pumzi itoke. Iha, mtu mnene mwenye vidole kama mihogo, kazi yake ni kuwavuta mikanda mpaka waanguke, na huwaomba radhi kila mmoja kabla ya kumwangusha.

Pembeni, juu ya godoro la mwisho, kuna bibi mwenye nywele nyeupe anayejikunja na kubingirika taratibu, anainuka, anarekebisha nguo yake, anarudia. Huyo ni Maeshiro Fumi, miaka sabini na tisa. Ni mke wa mwalimu.

Yeye ndiye aliyeuona ubao ule mara ya kwanza, akipita kwenda kwenye mchezo wa upatu wa kina mama, na ndiye aliyemtajia mumewe wakati wa chakula cha mchana, kwa furaha, akidhani mumewe anajua. Alipoona kilichofuata hakulala vizuri. Akaja Jumatano moja kuona ni jambo gani lililomponza Tobaru, akakaa, akaambiwa na Miyara kwamba ukumbini hakukai mtu bure.

Nilimuuliza kama haogopi mumewe atajua. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya maji.

"Mimi si mwanachama, mwanangu. Sina kibao cha kugeuzwa."

Jumamosi iliyopita nilimfuata Tobaru dojoni saa kumi na mbili asubuhi. Mwalimu alimkataza mazoezi, lakini kufagia hakumkataza, na kwa kuwa amefagia pale tangu akiwa na miaka kumi na sita, hajaacha. Huingia kabla ya wenzake, hufagia, hupiga deki sakafu ya mbao kwa kitambaa kilichokamuliwa, akienda na kurudi ameinama, kisha hufuta vumbi ukuta wa mashariki pasipo kugusa vibao. Wenzake wakianza kufika, yeye anaondoka kupitia mlango wa nyuma.

Alikuwa amefika katikati ya sakafu alipoinua macho, akaacha kitambaa pale kilipokuwa, akatembea mpaka ukutani.

Kibao chake kilikuwa vilevile, kimegeuka. Lakini cha kwanza kabisa, kile cha Mzee Maeshiro, nacho kilikuwa kimegeuzwa. Ukuta mzima wa majina, na kichwani mwake kipande cha mbao kitupu.

Tobaru alipiga magoti. Sikuona uso wake, na sikutaka kuuona.

Mama Fumi ndiye aliyetueleza, akiwa na birika mkononi, baada ya kutukuta pale. Alhamisi alikuwa ametoka kuanika nguo, ana beseni tupu, akateleza kwenye ngazi ya jikoni yenye maji. Akaanguka kama alivyofundishwa, akabingirika, akainuka, akaokota beseni. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni.

"Hakunikimbilia," alisema. "Aliganda. Akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia Jumatano. Akaniuliza imenichukua muda gani. Nikamwambia majuma sita, tena mimi mkongwe. Akakaa chini palepale kwenye ngazi yenye maji. Akasema, 'Majuma sita. Na Choyu nilikuwa naye miaka ishirini na nane.'"

Jana yake, Ijumaa, mzee alikuwa ameingia peke yake dojoni, iliyo kando ya nyumba yao. Mkewe alisikia kibao kikigusa ukuta. Alipotoka alimwambia hivi tu: mwanafunzi alikosa kwa kutoomba, naye mwalimu alikosa kwa kutofundisha, na hakuna sheria inayosema mwalimu akikosa kibao chake kisigeuzwe. Kuhusu kibao cha Tobaru hakusema lolote. Neno lake la Februari lipo palepale, na wanaomjua Mzee Maeshiro wanajua kwamba halirudishi neno.

Nilidhani Tobaru atafurahi. Hakufurahi hata kidogo. Alisema angeweza kukaa amegeuzwa ukutani mpaka kufa, lakini jina la mwalimu wake kulala kifudifudi kwa sababu ya fomu ya ukumbi, hilo hawezi kulibeba.

Jumapili asubuhi aliwakusanya watu wake kumi na wanne uani, kwenye vigae, akawaambia Jumatano imefungwa. Si kwa wiki moja, alisema. Imefungwa. Mtu hawezi kuomba kitu alichokwisha kukichukua. Lazima akirudishe kwanza. Atakwenda kwa mwalimu bila kundi lolote, kama mtu ambaye hajawahi kuanzisha kitu, na ataomba ruhusa aliyopaswa kuiomba miaka miwili iliyopita: kwamba pembeni ya chama, si badala yake, na kwa jina lake lenyewe, liwepo kundi la kufundisha kuanguka, na kila mwanachama wa karate anayepanda paa apite huko kwanza.

Miyara hakupendezwa. "Na akikataa?"

"Atakuwa amemkataa mtu aliyeomba," Tobaru alisema.

"Na hawa wazee wangu?"

Iha alimshika Tobaru bega kwa mkono wake mzito akamwambia, "Nenda, ndugu yangu. Sisi tumeshazoea kungoja miwa."

Tobaru ana tumaini moja. Anataka vibao vyote viwili visomeke kabla ya Septemba, siku ya kumkumbuka Choyu, ili atakaposimama mbele ya ukuta ule majina matatu yawe yanamtazama. Atakwenda kesho, Jumatano, saa moja jioni. Alimuuliza Mama Fumi mzee anapenda apelekewe nini.

"Akaniambia chupa ya pombe ya mchele, iliyokaa si chini ya miaka kumi," anasimulia, akikaza kamba nyuma ya gari lake. "Nikaandika. Halafu akaniambia, 'Na godoro moja. Lile nene, mzee asije akaumia mgongo akianza kujifunza.'"

Chupa iko kiti cha mbele, imefungwa kwa kitambaa. Godoro ameshalipakia.