Barua ya Nusu Kilo

Niliwahi kuamini, tena kwa moyo wote, kwamba barua ya mwananchi ikifika bungeni huwekwa kwanza kwenye mizani, na isiyotimiza nusu kilo hurudishwa bila kufunguliwa. Habari hiyo nilipewa na mwenzangu wa dawati katika masomo ya jioni, ambako nilihitimu nikiwa na mvi nyingi kuliko walimu wote wakijumlishwa. Naikumbuka kwa sababu seremala wa Nyakabanda, niliyemsimulia, tumemzika Alhamisi. Ini lilimshinda. Nilirudi nyumbani, nikavua viatu, nikakaa. Sijalia mpaka sasa, na chai niliyowekewa siku ile sikumbuki kama niliinywa.

Karakana yake ilikuwa upande mmoja wa korongo la maji ya mvua, wateja wake upande wa pili, na katikati palikuwa na mbao alizotandika mwenyewe. Kila masika maji yalizichukua, naye akazirudisha. Nadhani zimeshajenga kijiji kizima huko Misri, maji yetu yanakoishia. Alitaka daraja la zege kabla mtu hajafia pale. Nilimwambia awaandikie wabunge, kisha, kwa mdomo wangu usio na breki, nikamweleza habari ya mizani. Akaandika ukurasa mmoja, akaupeleka kwa mama muuza maharagwe kuupima. Mshale haukutikisika.

"Mwalimu, barua iko nyepesi," akaniambia; aliniita hivyo tangu nihitimu.

"Ongeza, sha, ndugu yangu."

Akaongeza vipimo, michoro, saini za majirani, picha za mbao zilizosombwa. Miaka ikapita, bahasha ikinenepa kuliko yeye.

Jumamosi moja ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, mtaa mzima tukizibua mitaro, mbunge mmoja alikuja kufanya kazi nasi. Jembe alilishika vizuri, lazima nikiri. Akavuka zile mbao mikono kaitanua kama mcheza ngoma, na kwenye kikao cha baada ya kazi akauliza nani ana swali. Nikamgusa seremala kwa kiwiko.

"Bado," akanong'ona. "Imebaki kidogo tu. Nikisema bila barua atasahau."

Mbunge naye, mwenye tope la korongo lile lile kwenye viatu, hakuuliza habari za mbao. Akatushukuru, akapanda gari.

Hapa kwetu wengi wa wabunge tunawachagua kwa orodha ya chama, kwa hiyo ni vigumu mtu kunyoosha kidole na kusema yule ndiye wangu. Nilidhani maana yake hatuna mbunge. Siku hizi naona maana yake wote ni wetu, na kila mmoja anatudai maswali kama sisi tunavyomdai majibu. Aliyevuka mbao zile alipaswa kuuliza. Sisi nasi tulipaswa kufungua mdomo. Badala yake tuliuogopa mlango ambao hatujawahi kuugonga, na mlinzi wake mkali kuliko wote nilikuwa mimi, na porojo zangu.

Jana mjane wake alinikabidhi ile bahasha. Nikaipeleka bungeni mwenyewe, nikaiweka mezani kwa dada wa mapokezi.

"Nisamehe, dada, imepungua gramu chache. Mwenyewe amefariki. Mizani iko wapi?"

Akaitazama bahasha, akanitazama mimi.

"Mizani gani, mzee? Hapa tunapokea barua yoyote. Hata ukurasa mmoja."