Lia, Lakini Nyoosha

Katika mji wetu wa tanuri za chuma watu waliungua kama wengine wanavyopata mafua, na wote waliishia kwa Daktari Qiu Dezhong. Baba yake aliungulia kiwandani, kiwanda kikamsomesha mtoto. Ngozi ya kupandikiza aliitoa kwenye kichwa cha mgonjwa mwenyewe. Ananyoa, anachuna kipande chembamba kama karatasi, na kichwa kikipona anarudi kukichuna tena. Tulimwita Mchuna Vichwa, hata mbele yake, wala hakukasirika.

Nilikuwa nanoa visu mtaa wa hospitali yake, na habari zake nilizipata milangoni mwa watu.

Siku moja Tong Xiulan, mvuta tambi, yule anayevuta donge la unga kwa mikono mpaka liwe nyuzi, alimwagikiwa supu ya moto mkono wa kulia. Mama mkwe wake akaumiminia sosi ya soya, kama tunavyofanya sote kwa aliyeungua. Sosi hutia kidonda weusi, daktari asijue nyama ipi hai na ipi imekufa. Qiu akachukua brashi.

"Nani kakuunga hivi? Bado tangawizi na kitunguu tu."

"Taratibu, Daktari, nakuomba."

"Hiyo taratibu ungemwomba mama mkwe wako."

Akasugua, na huku Xiulan anamng'ata nesi begani.

Ngozi ya kupandikiza iliposhika, ikaja kazi mbaya zaidi. Ngozi mpya hujikunja, na ukiionea huruma mkono unabaki mguu wa kuku. Basi kila asubuhi Qiu alivuta vidole vya Xiulan mpaka vikalia. Xiulan alimtukania mababu, vizazi kumi na vinane vyote. Qiu alijibu lile lile, "Lia, lakini nyoosha."

Xiulan akarudi kuvuta tambi, mkono mzima. Hakushukuru. Aliubamiza unga mezani akasema, "Akiungua yule, nitavuta kiti nitazame."

Qiu akaungua kweli. Sikukuu ya mwaka mpya, anakaanga chakula peke yake, mke alishafariki, sufuria ya mafuta ikashika moto. Akaikimbiza nje, mafuta yakamrukia mkono wa kulia, ule wa kisu.

Wanafunzi wake walimpandikiza vizuri. Lakini kwenye kuvuta vidole wakashindwa. Daktari Fang, mkubwa wao, alimshika kama anashika yai.

"Vuta, mjinga wewe! Mkono huu ukijikunja sipasui tena!"

"Mwalimu, leo inatosha. Tutaendelea kesho, Mwalimu."

"Nilikufundisha hivyo?"

Fang akainamisha kichwa, machozi yanamtoka. Utamuumizaje mwalimu wako mpaka apige kelele? Mikono yao ilikataa. Qiu akajaribu mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na kila maumivu yalipokolea, nao uliachia. Vidole vikaendelea kujikunja. Ndipo akamtuma nesi kwenye duka la tambi.

Xiulan alikuja na aproni yake, unga mpaka viwikoni. Akavuta kiti kweli, akatazama.

"Unaniomba, Mchuna Vichwa?"

"Nakuomba, Dada Tong."

Akavuta. Mkono wa mvuta tambi si wa mchezo. Qiu alipiga ukelele mpaka Fang akaingia mbio. "Shangazi, mwache! Utamuua!"

"Toka, wewe mwenye adabu," Xiulan akamwambia. "Adabu yako ndiyo imemfikisha hapa." Kisha akamgeukia Qiu, anacheka. "Lia, Daktari. Lia, lakini nyoosha."

Alikuja kila asubuhi, hata theluji ilipoziba njia, na hakupunguza nguvu siku hata moja. Lakini alikuwa ameitwa kwa kuchelewa. Gumba na kidole cha shahada vilinyooka. Vitatu vilibaki vimekunjwa, na kisu hakikushikika tena.

Siku Qiu alipotoka wodini alipitia dukani. Xiulan akamwekea bakuli la tambi, akamimina sosi ya soya mpaka mchuzi ukawa mweusi tii.

"Kula. Sosi kazi yake ndiyo hii."

Akala lote, kwa mkono wa kushoto, tambi zinamponyoka. Xiulan hakumsaidia.