Vile Tulikuwa Tunaangalia Kondo

Siku yangu ya kwanza kwenye nyumba ya kuzalia, kule Nchelenge pembeni ya ziwa, miaka ya sabini, Sista Chola, mukubwa wetu, alininusa mikono.

"Ba Mulenga, umetoka kuuza samaki?"

"Ndiyo, Sista."

"Osha na ndimu. Humu ndani pua njo inatumika."

Mimi nilikuwa mufagiaji, masomo kidogo. Lakini Sista alinifundisha kondo la nyuma, ile nyama yenye kulisha mutoto tumboni na kutoka nyuma yake. Lenye afya, ngozi yake inaangaza, inanuka damu tu. Lenye kuungua, maana uchafu umeliingia, ngozi yake haiangaze, ni nyeupe-nyeupe sawa maji ya kulowekea mihogo, na inanuka vibaya. Kule kwetu kila kitu kinanuka samaki. Bazalishaji wengi walipitisha ile harufu bila kuijua.

"Kondo likiungua," Sista alisema, "mutoto amekwisha kunywa ule uchafu, hata kama analia muzuri."

Monique alivuka kutoka kisiwa cha Chisenga, chupa yake ya maji imepasuka tangu juzi. Akazaa mwanaume, Ilunga. Mama-mukwe wake, Mama Kasongo, akanyoosha mukono achukue kondo akalizike mbio, maana kwao halionyeshwi mutu wa inje. Sista alilinusa kwanza. Lilikuwa linaungua.

"Mubakie hapa, tumupige mutoto shindano ya dawa."

Mama Kasongo akacheka. "Mutoto ananyonya sawa mwana wa ngombe! Sista, weye njo mugonjwa, mugonjwa wa pua!"

Hata Monique akacheka. Lakini akabaki, maana Sista alimubembeleza.

Tulimupiga Ilunga penisilini mpaka ikaisha. Gari ya dawa kutoka Mansa ikaleta bandeji tu. Ilunga akawaka moto, akaacha titi, akafa mikononi mwa mama yake.

Mama Kasongo hakulia. "Alikuwa muzima," akasema. "Muliangalia kondo lake, mukalinusa. Sasa muangalie."

Maneno yake yakavuka maji. Banamuke ba Chisenga wakaanza kuzalia kwao, kondo linazikwa palepale, wanatuletea mutoto amekwisha kulegea. Sista alivuka kuwaeleza; wakamupokea na chai, wakamusindikiza mpaka kwenye mutumbwi. Kisha akahamishwa.

Mimi nilifagia mule mpaka nikazeeka, nikapumuzishwa. Bajukuu wananiuliza kama tulisaidia. Tulijua tu. Majina ya bale batoto ninayo: Ilunga, Mutale, Ngoy, Kapembwa, na bale ba Chisenga wenye walikufa mbele ya kupewa jina.