Maziwa Yangu Hewani

Mjukuu wangu anauza mashungi na mafuta ya nywele hapa Garissa, na kabla hajaagiza mzigo hufungua simu akasoma blogu ya msichana mmoja wa Nairobi. Msichana akisema kitambaa fulani kinachuja, mjukuu wangu hakileti. Ananiambia, "Ayeeyo, siku hizi blogu ndiyo soko." Bibi yake namsikiliza tu. Midomo ya watu ilitaka kunifungia biashara kabla mama yake hajaolewa.

Ilikuwa miaka ya tisini. Simu zilikuwa posta, na mara nyingi zilikuwa zimekufa. Sisi tulikuwa na redio ya upepo, ile tunayoiita taar. Mwenye redio ya hapa Garissa aliiweka chumba cha nyuma, dukani kwake alikouza sukari, na betri ya lori chini ya meza. Ukitaka kuongea na mtu wa miji ya mbali kama Wajir au Diff unangoja kwenye benchi, zamu yako ikifika unaongea, ukimaliza unasema "ova" ili mwenzako ajibu. Siri haikuwepo. Benchi zima linasikia, na kila mwenye redio kama hiyo, mji wowote, anasikia huku anakunywa chai yake. Bei ya ngamia, mvua imenyesha wapi, nani amejifungua, nani amemkataa mchumba. Majina ya waliokaa kwenye benchi lile yote ninayo kichwani, lakini watoto wao wako hai, siyaandiki.

Mimi niliuza maziwa ya ngamia. Dada yangu mdogo alikaa Modogashe, pale malori yanapokutana. Alinunua kwa wafugaji, akaifukiza mitungi kwa moshi wa kuni, akaifunga kitambaa chekundu ili ijulikane ni yangu, akaipakia kwenye lori. Shule sikukaa sana. Kiswahili nilikipata kwa kuwauzia walimu na makarani waliotoka bara.

Jumatatu moja mitungi ilifika ikinuka dizeli. Niliyamwaga maziwa yote mbele ya mlango wangu, mchana kweupe. Lakini kuna aliyekaa kwenye lile benchi akamwambia ndugu yake wa Wajir kwamba maziwa ya kitambaa chekundu yana dizeli, na mwenyewe anayauza hivyo hivyo. Kufika adhuhuri ya kesho yake, mwenye hoteli niliyemuuzia kila siku alikuwa ameshachukua kwa mwanamke mwingine. Mke wa mwalimu akaniambia kwa upole kwamba watoto wake sasa wanapenda chai ya rangi. Maziwa mazuri yakaanza kuchacha mikononi mwangu. Nami nilikuwa mjane, wanangu walikula kutoka kwenye mitungi ile.

Jirani alinishauri nimfuate aliyesema, nigombane naye. Nikaona nitamnyamazisha mtu mmoja, na waliosikia ni miji mizima. Nikaenda kukaa kwenye benchi, nikangoja zamu yangu.

Nilimwita dada kwenye redio ya Modogashe. Sikukana kitu.

"Abaayo, maziwa ya Jumatatu yalinuka dizeli, nimeyamwaga yote. Mitungi ilikaa wapi kwenye lori? Ova."

Dada hakujua. Alisema alimkabidhi dereva, akaona mbuzi wamejaa nyuma, basi. Redio ikakoroma. Halafu ikaingia sauti ya mwanamume ambaye hakuna aliyemwita.

"Mama, dereva ni mimi, niko Wajir. Nilikosa nafasi, mitungi yako nikaiweka kando ya pipa langu la dizeli, na pipa linavuja. Wewe huna kosa. Ova."

Kabla sijajibu, mwanamke mmoja akadakia kutoka Diff. Huyo jina lake sikulipata.

"Wewe dereva, maziwa ya mke wako huwa unayaweka wapi?"

"Kwenye kabini, mama."

"Na ya mwanamke mwenzake yana ugonjwa gani?"

Benchi zima likacheka, nami nikacheka huku machozi yananitoka. Dereva mwingine, sijui alikuwa mji gani, akasema kuanzia leo maziwa yapande kabini na taniboi, msaidizi wa dereva, akae nyuma na mbuzi.

Kesho yake mwenye hoteli alikuja mwenyewe. Hakuomba radhi. Alifungua mtungi, akanusa, akaonja, akaniambia nimjazie. Mke wa mwalimu akafuata. Na madereva nisiowajua wakawa wanaweka kabini maziwa ya kila mwanamke, hata ya yule aliyechukua nafasi yangu hotelini. Sikumwekea kinyongo.

Zilipokuja simu za mkono, redio ikanyamaza, na duka likauzwa. Siku hizi nikipiga simu ananisikia mtu mmoja tu, hakuna wa Diff wa kudakia. Lakini kwa miaka mingi, mtu akishuka kutoka Wajir na kiu yake, aliuliza sokoni anakaa wapi mama wa dizeli. Walimwelekeza kwangu, nami niliitika kwa jina hilo, nikammiminia maziwa.